Akiba ya kompyuta nayo huoza: Jinsi ya kunakili diski kwenye Linux na kuijaribu nakala

WAHENGA walinena kwamba akiba haiozi. Usemi huo una hekima yake, lakini mtumiaji wa kompyuta anayeutegemea pasipo kuuchunguza anaweza kujikuta katika masikitiko makubwa. Akiba ya kompyuta, yaani nakala ya mafaili inayotunzwa kwa ajili ya siku ya dhiki, huweza kuoza bila kutoa harufu yoyote, na aghalabu mwenyewe hugundua siku ile ile anapoihitaji.

Mfano mzuri ni yale yaliyoikuta kampuni ya GitLab, ambayo huwatunzia waandishi wa programu kazi zao kupitia intaneti. Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi wake mmoja alikuwa akishughulikia seva mbili za hifadhidata zinazoendeshwa kwa Linux, moja ikiwa kuu na ya pili ikiifuata. Alikusudia kufuta folda ya data katika seva ya pili, lakini amri yake ikatekelezwa katika seva kuu. Ingawa aligundua kosa na kuisimamisha baada ya sekunde moja au mbili, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia takriban 4.5 tu.

Kampuni hiyo haikuwa imezembea kuweka akiba. Kinyume chake, ilikuwa na njia kadhaa za kufanya hivyo, na usiku huo zikaonekana moja baada ya nyingine kuwa hazifai. Mahali palipotakiwa kuwa na nakala za kila siku palikutwa patupu, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani lisilolingana na hifadhidata yenyewe. Barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu hiyo nazo zilikuwa zikikataliwa njiani, hivyo hakuna aliyezisoma. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo mhandisi huyo huyo aliitengeneza kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio mengine. Huduma ilirejea baada ya saa 18 hivi, na mambo yote yaliyoandikwa katika hifadhidata kwa muda wa saa sita yakapotea, ingawa kazi zenyewe za waandishi wa programu zilisalimika.

Ikiwa hayo yaliwapata mafundi wa kazi hiyo, mwenye kompyuta moja nyumbani au ofisi ndogo yenye hesabu za wateja haina budi kujiuliza hali yake ikoje. Makala haya yanaeleza njia zinazotumika kunakili diski katika kompyuta ya Linux, mahali pa kuweka tahadhari, na namna ya kuhakikisha kwamba kilichonakiliwa kinaweza kurudishwa.

Diski pacha na nakala ya akiba

Watu wengi huchanganya mambo mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni diski pacha, ambayo ni nakala ya diski nzima tangu mwanzo hadi mwisho: mfumo wa uendeshaji, programu, mipangilio na mafaili yote. Diski ya kwanza ikifa, pacha wake huchomekwa mahali pake na kompyuta ikawaka kama kawaida. Njia hii inafaa sana mtu anapohamia diski mpya, au anapotaka kuweka kompyuta kumi za darasa katika hali moja.

La pili ni nakala ya akiba, ambayo ni mafaili ya mtumiaji yanayonakiliwa mara kwa mara, kila siku au kila wiki. Hii haimrudishi mtu kazini kwa haraka kama diski pacha, kwani mfumo wa uendeshaji utalazimika kuwekwa upya, lakini ndiyo inayobeba kazi ya jana. Diski pacha iliyotengenezwa Januari haina habari ya barua iliyoandikwa Machi. Kwa hiyo mwenye busara huwa na vyote viwili, pacha kwa ajili ya mfumo na akiba ya mara kwa mara kwa ajili ya kazi zake.

Hatua ya kwanza: kuitambua diski

Katika Linux kila diski hupewa jina fupi. Diski za kawaida huitwa /dev/sda, /dev/sdb na kuendelea, ilhali diski za kisasa za aina ya NVMe huitwa /dev/nvme0n1 na mfano wa hayo. Majina haya si ya kudumu. Diski iliyoitwa sdb leo inaweza kuitwa sda kesho, kutegemea ipi iliyotambuliwa kwanza wakati kompyuta inawaka. Kwa sababu hiyo mtu asitegemee kumbukumbu zake za juzi, bali aandike kwanza amri hii:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,MOUNTPOINT

Kompyuta itaorodhesha diski zote pamoja na ukubwa, modeli na namba ya utambulisho ya kila moja. Namba hiyo aghalabu huwa imechapishwa pia kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski yenyewe. Ni vyema kuilinganisha na kuiandika kwenye karatasi kabla ya kuendelea, hasa diski zote mbili zinapokuwa na ukubwa ule ule.

Inafaa pia kupima afya ya diski kwa programu ya smartmontools, kwa amri ya sudo smartctl -H /dev/sda. Jibu jema si dhamana kwamba diski haitakufa kesho, lakini jibu baya ni onyo ambalo halipaswi kupuuzwa.

Jambo jingine ni kwamba diski haipaswi kunakiliwa nzima wakati mfumo uliomo ndani yake unafanya kazi. Kufanya hivyo ni sawa na kutoa fotokopi ya daftari la hesabu huku karani bado anaandika: ukurasa wa kwanza utakuwa wa saa nne na wa mwisho wa saa tano, na hesabu hazitakubaliana. Inatakiwa kompyuta iwashwe kwa flashi yenye Linux inayojitegemea, kama ile inayotumika kuweka Ubuntu au Debian, ili diski inayonakiliwa iwe imetulia.

Amri ya dd

Chombo cha zamani zaidi cha kazi hii ni dd, ambacho kimekuwapo tangu miaka ya 1970 katika mifumo ya Unix, na leo kinapatikana karibu katika kila kompyuta ya Linux. Kunakili diski nzima kwenda nyingine huandikwa hivi:

sudo dd if=/dev/sda of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync

Neno if huonyesha diski inayosomwa na of huonyesha diski inayoandikwa. Sehemu ya bs=4M huamuru data ichukuliwe kwa mafungu ya megabaiti 4, status=progress huonyesha kazi imefika wapi, na conv=fsync huhakikisha kwamba data zote zimeandikwa kwenye diski kabla ya amri kumalizika.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Amri hii haiulizi swali wala haitoi onyo. Mtu akigeuza if na of, diski tupu itanakiliwa juu ya diski iliyojaa, na kazi ya miaka itafutika kwa utiifu kamili. Kosa hilo ni ndugu wa lile la GitLab, kwani katika yote mawili amri ilikuwa sahihi na mahali ndipo palipokosewa. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, soma tena namba za utambulisho ulizoandika kwenye karatasi, na kama yupo mwenzako karibu, mwombe asome naye.

Diski inayopokea sharti iwe na ukubwa sawa na ile ya kwanza au zaidi. Ikiwa ni kubwa zaidi, nafasi ya ziada itakaa bila kutumika hadi itakapounganishwa kwa programu kama GParted. Ikiwa ni ndogo, hata kwa megabaiti chache, dd itaishia njiani na pacha huyo hatakuwa kamili.

Muda nao unahitaji kuhesabiwa, kwa kuwa dd hunakili hata nafasi zisizo na kitu. Diski ya gigabaiti 500 inayonakiliwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huchukua takriban saa moja na dakika 25. Ikipitia tundu la USB 2.0, ambalo kwa kawaida hupitisha megabaiti 30 hivi kwa sekunde, itachukua zaidi ya saa nne na nusu. Katika miji yetu ambamo umeme hukatika bila taarifa, ni busara kompyuta ya mezani iunganishwe na kifaa cha kuhifadhi umeme, na kompyuta ya mkononi iwe na betri iliyojaa pamoja na waya wa chaji. Umeme ukikatika, diski inayosomwa kwa kawaida haipotezi kitu, lakini ile inayoandikwa italazimika kuanzwa upya.

Kazi ikimalizika, zima kompyuta na uiondoe moja ya diski hizo kabla ya kuiwasha tena. Linux huzitambua sehemu za diski kwa namba maalumu iitwayo UUID, na pacha anakuwa na namba zile zile za mwenzake. Zikiachwa zote mbili ndani, mfumo unaweza kufungua diski usiyoikusudia, nawe ukaendelea kuandika kazi mpya mahali usipopajua.

Clonezilla, njia ya wasiopenda kuandika amri

Kwa wale wanaoona dd ni kisu chenye makali mno, ipo Clonezilla, programu ya bure iliyotengenezwa nchini Taiwan katika Kituo cha Taifa cha Kompyuta za Uwezo wa Juu na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Huwekwa kwenye flashi, kompyuta ikawashwa nayo, kisha mtumiaji akaongozwa kwa orodha za kuchagua. Kabla ya kuandika chochote huuliza, na huuliza tena.

Ubora wake mwingine ni kwamba kwa mifumo ya mafaili inayoifahamu, Clonezilla hunakili zile sehemu tu zenye data. Diski ya gigabaiti 500 iliyotumika gigabaiti 60 humalizika kwa muda mfupi zaidi kuliko kwa dd. Aidha, inaweza kuihifadhi diski nzima kama mkusanyo wa mafaili yaliyobanwa ndani ya diski nyingine ya nje, na mwishoni ikajitolea kukagua kama mkusanyo huo unaweza kurudishwa. Wengi huruka hatua hiyo ya ukaguzi kwa haraka ya kuondoka, ilhali ndiyo inayotofautisha akiba na matumaini.

Diski inayoanza kufa

Diski ikianza kutoa sauti ya kugongagonga, au mafaili yakichukua dakika nzima kufunguka, dd si chombo cha kutumiwa. Kwa kawaida husimama inapokutana na sehemu iliyoharibika. Ipo programu ya ddrescue ya mradi wa GNU, ambayo katika Debian na Ubuntu hupatikana kwa jina la gddrescue. Hiyo huokoa kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha ndipo hurudi kwenye zile ngumu:

sudo ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.map
sudo ddrescue -f -r3 /dev/sda /dev/sdb ramani.map

Faili la ramani.map huweka kumbukumbu ya kilichookolewa na kilichobaki, hivyo hata umeme ukikatika kazi huendelea pale ilipoishia. Lakini faili hilo liwekwe kwenye flashi au diski ya tatu, kwani likiachwa katika mfumo ulioanzishwa kwa flashi ya Linux litatoweka kompyuta inapozimwa. Diski ya namna hii isiendelee kutumiwa hata kidogo kabla ya kuokolewa, maana kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho.

Akiba ya kila siku kwa rsync

Kwa kazi ya kila siku chombo kinachotegemewa na wengi ni rsync, kilichoandikwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras nchini Australia mwaka 1996. Mara ya kwanza hunakili kila kitu. Mara zinazofuata hunakili yale tu yaliyobadilika, hivyo kazi ya saa nzima hugeuka kuwa ya dakika chache.

sudo rsync -aHAX --info=progress2 /home/ /media/akiba/home/

Alama ya mkwaju mwishoni mwa /home/ ina maana yake. Ikiwapo, hunakiliwa vilivyomo ndani ya folda; isipokuwapo, hunakiliwa folda yenyewe, na mtu hujikuta na folda ndani ya folda. Diski inayopokea itayarishwe kwa mfumo wa ext4. Ule wa FAT32, unaopatikana kwenye flashi nyingi, haupokei faili linalofikia gigabaiti 4, wala hautunzi kumbukumbu za nani mwenye faili na nani anaruhusiwa kulisoma.

Ipo pia mitego mitatu inayostahili kutajwa. Kwanza, diski ya nje ikiwa haijachomekwa, rsync inaweza kuiandika nakala katika folda tupu ya diski ile ile ya ndani, na mwenye kompyuta akadhani ana akiba kumbe hana. Amri ya mountpoint /media/akiba humjulisha kama diski ipo kweli. Pili, baadhi ya watu huongeza neno --delete ili akiba ifanane kabisa na asili. Matokeo yake, faili lililofutwa kwa bahati mbaya asubuhi hufutwa na kwenye akiba jioni. Ni bora kutunza nakala za siku mbalimbali kwa kutumia --link-dest, kama hivi:

sudo rsync -aHAX --link-dest=/media/akiba/jumapili /home/ /media/akiba/jumatatu/

Hapo mafaili ambayo hayakubadilika hayachukui nafasi mara mbili, lakini kila folda ya siku huonekana kamili.

Mtego wa tatu unawahusu wenye hifadhidata, mathalani programu ya hesabu inayotumia MySQL au PostgreSQL. Mafaili ya hifadhidata inayofanya kazi hayapaswi kunakiliwa hivi hivi. Kwanza itolewe nakala kwa mysqldump au pg_dump, kisha nakala hiyo ndiyo ihifadhiwe.

Watumiaji wa Timeshift nao wajihadhari. Programu hiyo nzuri imekusudiwa kurudisha mfumo wa uendeshaji, na isipobadilishwa mipangilio yake haihifadhi mafaili ya mtumiaji yaliyo katika folda ya /home. Mtu anaweza kuona nakala zake zikiongezeka kila wiki, huku ndani yake hamna hata barua moja aliyoiandika.

Kuijaribu akiba

Ukimya wa kompyuta si ushahidi kwamba mambo ni mazuri. Kazi iliyopangwa kujiendesha yenyewe usiku inaweza kushindwa kwa miezi bila yeyote kujua, kama ilivyokuwa GitLab. Kwa diski pacha, jaribio la kweli ni moja tu: zima kompyuta, iondoe diski ya asili, weka pacha na uwashe. Ikiwaka na ukafungua mafaili kadhaa, pacha ni mzima.

Kwa mkusanyo uliobanwa kwa gzip, amri ya gzip -t hukagua kama faili halijaharibika. Kwa akiba ya rsync, amri ifuatayo hulinganisha yaliyomo katika kila faili bila kubadilisha chochote:

sudo rsync -aHAXnci /home/ /media/akiba/home/

Mafaili yatakayoorodheshwa ni yale yanayotofautiana. Yaliyobadilika baada ya kunakili ni ya kawaida, lakini ukiona faili la mwaka juzi ambalo hujaligusa, pana jambo la kuchunguza. Zaidi ya hayo, angalau mara moja kwa mwezi chagua mafaili machache, yarudishe katika folda nyingine na uyafungue: waraka mmoja, picha moja, jedwali moja la hesabu. Andika tarehe na muda uliotumika, ili siku ya dharura ujue itakuchukua saa ngapi.

Mahali pa kuitunza

Wataalamu wengi hufuata kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: nakala tatu za data, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine kabisa. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mwizi anayeiba mkoba wenye kompyuta huondoka na diski ya nje iliyomo ndani yake, na moto au maji ya mvua yakiingia ofisini hayachagui kabati. Diski ya akiba isiachwe imechomekwa wakati wote, kwani virusi vinavyofunga mafaili kwa kudai fidia hufikia kila diski iliyo wazi.

Diski inayotoka nje ya ofisi ifungwe kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski, ili anayeiokota asisome siri za wateja. Neno lake la siri litunzwe mahali salama panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja, kwani likisahaulika hakuna fundi atakayeifungua.

Msomaji asiye na nafasi ya kufanya yote haya kwa siku moja na aanze na jambo dogo. Jioni ya leo achukue diski yake ya akiba, achague faili moja ambalo asingependa kulipoteza, ajaribu kulirudisha na kulifungua. Likifunguka, anayo akiba. Lisipofunguka, amelijua hilo wakati faili la asili lingalipo.